Vimegusana au Havijagusana? Hesabu Iliyofichika Ndani ya Michezo ya Kompyuta



Katika gazeti la chama chetu umezoea kukutana na mashairi, vitendawili, uchambuzi wa riwaya na mabishano kuhusu ngeli. Mwaka huu nimeomba nafasi ya kuandika jambo la aina nyingine. Nataka kueleza namna kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wanavyotuhimiza kuiita, inavyotambua kwamba vitu viwili vimegongana ndani ya mchezo: mpira na mlingoti wa goli, gari na ukuta, sanduku na sakafu.

Najua wapo watakaouliza, "Sasa haya yanahusu Kiswahili kwa vipi?" Swali zuri. Katika midahalo yetu kuna hoja inayorudi kila muhula: ati Kiswahili ni lugha ya ngano na nyimbo tu, sayansi ikija kinakwama. Mimi naona hoja hiyo haipingwi kwa kupiga meza na kupaza sauti. Inapingwa kwa kuchukua somo gumu la sayansi na kulieleza kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho, mpaka mtu aseme, "Kumbe!" Hilo ndilo ninalojaribu hapa. Wewe msomaji ndiwe hakimu.

Tena wapo wenzangu wa kidato cha tatu wanaonung'unika kwamba vekta za nambari tatu hazina kazi maishani. Leo watapata jibu, na jibu lenyewe limo ndani ya gemu wanayoicheza Jumamosi.

KOMPYUTA NI KIPOFU

Ukitazama mchezo wa kompyuta, wewe unaona mpira, uwanja na goli. Kompyuta haioni hata kimoja. Kwake mpira ni orodha ya nambari. Kila nukta ya umbo ina nambari tatu: ya kwanza inasema nukta iko umbali gani kulia au kushoto, ya pili umbali gani juu au chini, ya tatu umbali gani mbele au nyuma. Ndizo zile x, y na z za ubaoni. Nukta tatu zikiunganishwa hufanya pembetatu, na pembetatu nyingi zikishonwa pamoja hufanya ngozi ya kitu.

Ngozi hiyo ni ya kupakwa rangi tu. Haina ugumu wowote. Programu isipoambiwa lolote, gari litapenya ukuta kama kivuli kinavyopita juu ya nyasi. Ni lazima mwenye kuunda mchezo aandike maagizo ya kuuliza kila wakati: je, kuna nukta hata moja iliyo ndani ya kitu hiki na pia ndani ya kile? Ikiwa ipo, vimegusana. Ikiwa haipo, havijagusana. Swali ndilo hilo, wala hakuna jingine. Shida iko katika kulijibu haraka.

Michezo ya zamani haikusumbuka sana. Katika Pong, mchezo uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, kulikuwa na mpira mmoja na vibao viwili kwenye kioo bapa. Mwaka 1996 ilikuja Quake, ambayo ulimwengu wake ulikuwa na urefu, upana na kina. Mwaka 2004 ikaja Half-Life 2, iliyotumia programu ya fizikia iitwayo Havok, na mchezaji akaweza kuokota mapipa na masanduku, kuyarusha, na kuyaona yakibingirika na kurundikana. Kila hatua iliongeza maswali ya kuulizwa.

HESABU YA KUSALIMIANA

Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na kila mmoja amsalimie kila mwenzake kwa mkono mara moja. Salamu zitakuwa ngapi? Kila mmoja atasalimia watu 39, na kila salamu ni ya watu wawili, kwa hivyo tunazidisha 40 kwa 39 kisha tunagawanya kwa 2. Tunapata salamu 780.

Vitu ndani ya mchezo navyo ni hivyo hivyo. Kila kimoja chaweza kumgonga mwenzake yeyote. Vitu 1,000 vinatupa jozi 499,500. Ikiwa kila kitu kimeshonwa kwa pembetatu 500, basi kwa jozi moja tu kuna 500 mara 500, yaani 250,000 za kulinganisha. Zidisha zote pamoja upate karibu bilioni 125!

Na muda ulioko ni kiasi gani? Mchezo ni kama filamu: picha tuli zinazobadilishwa upesi upesi. Michezo mingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hivyo kila picha ina milisekunde 16.7 hivi, na katika muda huo kompyuta inapaswa pia kuchora, kutoa sauti na kusikiliza vidole vya mchezaji. Kulinganisha kila pembetatu na kila pembetatu haiwezekani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuna kuuliza na kuuliza. Siri yote ya somo hili ni moja, na ukisahau mengine yote ushike hili: uliza swali rahisi kwanza, ili maswali magumu yabaki ya wachache. Hebu tuyapitie maswali hayo kuanzia rahisi.

SWALI LA TUFE

Umbo rahisi kuliko yote ni tufe, yaani umbo la mpira. Tufe ukiligeuza namna yoyote ni lile lile, kwa hivyo linaelezwa kwa mambo mawili tu: kitovu chake kiko wapi, na nusu kipenyo chake ni kiasi gani.

Matufe mawili yamegusana ikiwa umbali kati ya vitovu vyake hauzidi jumla ya nusu vipenyo vyake. Chukua machungwa mawili uyaweke mezani yakigusana, utaona jambo hili kwa macho.

Mfano. Tufe la kwanza lina kitovu (1, 2, 3) na nusu kipenyo 4. La pili lina kitovu (3, 5, 9) na nusu kipenyo 2. Tofauti za nambari ni 2, 3 na 6. Sasa tunamwita Pythagoras: 4 + 9 + 36 = 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, kwa hivyo umbali ni 7. Jumla ya nusu vipenyo ni 6. Saba inazidi sita. Matufe hayajagusana, nafasi kati yake ni 1.

Kuna ujanja mdogo hapa. Kutafuta kipeuo ni kazi ndefu kuliko kuzidisha, hata kwa kompyuta. Basi mwandishi wa programu hatafuti kipeuo kabisa. Analinganisha 49 na 6 mara 6, yaani 36. Jibu ni lile lile, na kazi imepungua.

Utasema, "Lakini gari si tufe." Kweli. Hata hivyo gari laweza kutiwa ndani ya tufe kubwa lisiloonekana. Ikiwa tufe la gari hili halijagusa tufe la gari lile, basi magari yenyewe hayawezi kuwa yamegusana. Jozi hiyo tunaiacha, bila kugusa pembetatu hata moja. Ikiwa matufe yamegusana, hatusemi magari yamegongana, tunasema tu, "Huenda. Tuulize tena."

SWALI LA SANDUKU

Tufe lina kasoro. Ukilitia basi refu ndani ya tufe, sehemu kubwa ya tufe itakuwa hewa tupu, na "huenda" za bure zitakuwa nyingi. Hapo tunatumia sanduku, yaani mche mstatili, ambao pande zake zimelala sambamba na mihimili ya x, y na z.

Namna ya kulinganisha masanduku mawili inafanana na ratiba ya masomo. Kipindi kimoja kinaanza saa mbili hadi saa tatu, kingine saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu. Vinagongana. Lakini kama cha pili kinaanza saa nne, hakuna ugomvi. Sanduku nalo lina mwanzo na mwisho kwenye kila mhimili.

Tuseme sanduku A linaanza 0 na kuishia 4 kwenye x, 0 hadi 2 kwenye y, na 0 hadi 3 kwenye z. Sanduku B ni 3 hadi 7 kwenye x, 1 hadi 5 kwenye y, na 4 hadi 6 kwenye z. Kwenye x yanapishana kati ya 3 na 4. Kwenye y yanapishana kati ya 1 na 2. Kwenye z, A limeishia 3 na B linaanza 4. Pana mwanya. Basi havijagusana.

Zingatia kanuni hii: ili masanduku yagusane lazima yapishane kwenye mihimili yote mitatu, lakini ili yasigusane mwanya mmoja watosha. Kompyuta ikipata mwanya kwenye x, haina haja ya kuuliza y na z. Inaenda zake.

KUPANGA FOLENI

Mpaka hapa tumerahisisha swali la kila jozi, lakini jozi zenyewe bado ni 499,500. Je, ni lazima kuuliza zote? La. Mtu aliye Mombasa hawezi kukanyagana na mtu aliye Kisumu, na huhitaji kupima umbali wao ili ujue.

Njia mojawapo ni kupanga vitu kwenye mhimili mmoja kama foleni, kwa kufuata pale kila kimoja kinapoanzia. Chukua vitu vitano:

A: 0 hadi 3
B: 2 hadi 5
C: 6 hadi 8
D: 7 hadi 11
E: 12 hadi 14

Jozi za vitu vitano ni 10. Sasa pita kwenye foleni kutoka kushoto. A yuko wazi mpaka 3, na B anaanza 2, kwa hivyo A na B ni jozi ya kuchunguzwa. C anaanza 6, wakati A na B wote wamekwisha. D anaanza 7 kabla C hajaisha, basi C na D ni jozi nyingine. E yuko peke yake. Jozi 10 zimekuwa 2!

Uzuri mwingine ni kwamba vitu havirukiruki ovyo. Kati ya picha moja na inayofuata, muda ni mfupi mno, kwa hivyo foleni ya sasa inafanana sana na ile iliyopita. Ni kama mwalimu anayepanga wanafunzi kwa urefu kila wiki: hapangi upya toka mwanzo, anabadilisha wawili watatu tu waliopitana.

Njia nyingine ni kugawa ulimwengu wa mchezo kuwa vyumba na kuuliza walio chumba kimoja au vyumba jirani peke yao. Na kwa kitu kikubwa chenye pembetatu maelfu, masanduku hupangwa ndani ya masanduku. Barua haitafutiwi mwenyewe nyumba kwa nyumba Kenya nzima. Unauliza kaunti, kisha mji, kisha mtaa, kisha nyumba. Sanduku kubwa likikosa, yote yaliyomo yamekosa.

SWALI LA KIVULI

Sasa tumebaki na jozi chache zilizosema "huenda". Hizi zataka jibu la hakika. Tuseme ni masanduku mawili yaliyorushwa hewani, kila moja limepinda upande wake, halifuati mhimili wowote. Tutajuaje?

Kwanza nieleze neno moja. Umbo lisilobonyea ni lile ambalo ukichukua nukta mbili zozote ndani yake na kuziunganisha kwa uzi ulionyooka, uzi wote unabaki ndani. Tufe halijabonyea. Sanduku halijabonyea. Kikombe kimebonyea, kwa sababu uzi unaotoka ukingo mmoja hadi wa pili unapita kwenye hewa.

Kwa maumbo yasiyobonyea kuna kanuni nzuri sana: ikiwa mawili hayajagusana, lazima uweze kupitisha kadibodi iliyonyooka katikati yao bila kugusa lolote. Ikiwa yamegusana, huwezi. Jaribu na pakiti mbili za chaki na karatasi ngumu. Kisha jaribu na vikombe viwili, kimoja kikiwa ndani ya kingine bila kugusana, uone kwa nini nimesisitiza kubonyea.

Lakini kompyuta haina mikono ya kushika kadibodi. Inatumia vivuli. Weka tochi upande mmoja na rula upande wa pili, utazame vivuli vya vitu viwili vikianguka kwenye rula. Ukipata pembe moja ambayo vivuli viwili vimeachana, basi vitu vyenyewe vimeachana. Kivuli kwenye rula ni mwanzo na mwisho tu, na kulinganisha mwanzo na mwisho tumekwisha kujifunza kwenye ratiba.

Swali linabaki: tugeuze rula pande ngapi? Pande ziko nyingi bila kikomo. Hapa ndipo hisabati inapotuokoa. Kwa masanduku mawili, pande 15 zinatosha. Sanduku lina nyuso sita, lakini zinazotazamana zina mwelekeo mmoja, kwa hivyo ni pande 3. Sanduku la pili linaongeza 3. Hizo ni 6. Tisa zilizobaki zinatoka kwenye kingo: kila mwelekeo wa ukingo wa sanduku la kwanza ukioanishwa na kila mwelekeo wa ukingo wa la pili, 3 mara 3, na kwa kila jozi tunatafuta upande ulio pembemraba kwa zote mbili.

Kwa nini hizo tisa? Shika vifutio viwili vya ubao, ukingo mkali wa kimoja uelekee ukingo mkali wa kingine, vikikingamana kama msalaba, vikiwa karibu kugusana. Ukipitisha kadibodi sambamba na uso wowote wa vifutio, itakwaruza. Itapita tu ikilala sambamba na kingo zote mbili. Anayesahau pande hizo tisa, kompyuta yake itasema vitu vimegongana na kumbe havijagongana.

Kompyuta ikipata mwanya upande wa kwanza, inaacha 14 zilizobaki. Isipopata mwanya popote, vimegusana. Tena ule upande ambao vivuli vimepishana kidogo kuliko pengine kote unaonyesha njia fupi ya kuvitenganisha. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani, Gottschalk, Lin na Manocha, walitumia kipimo hiki cha pande 15 pamoja na masanduku ndani ya masanduku katika kazi waliyochapisha mwaka 1996.

SWALI LA KUTOA

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tuachane na maumbo kidogo turudi kwenye mstari mmoja.

Chukua kipande A kinachoanza 2 hadi 6, na kipande B kinachoanza 5 hadi 9. Toa kila nambari ya B kutoka kwa kila nambari ya A. Jibu dogo kabisa ni 2 toa 9, yaani hasi 7. Jibu kubwa kabisa ni 6 toa 5, yaani 1. Majibu yote yanaenea toka hasi 7 hadi 1, na ndani yake sifuri imo.

Sasa sogeza B iwe 8 hadi 9. Majibu yanaenea toka hasi 7 hadi hasi 2. Sifuri haimo. Umeona? Sifuri ikiwemo vipande vimepishana, isipokuwemo vimeachana. Sababu yake ni nyepesi: kupata sifuri katika kutoa ni kusema nambari ya A na nambari ya B ni moja, na hiyo ndiyo maana ya kugusana.

Jambo hilo hilo lafanyika kwa maumbo kamili. Ukitoa kila nukta ya umbo B kutoka kwa kila nukta ya umbo A, unapata umbo jipya. Wanahisabati huliita kwa jina la Hermann Minkowski, aliyeishi toka 1864 hadi 1909. Swali la maumbo mawili sasa limegeuka kuwa swali la umbo moja: je, nukta sifuri, yaani (0, 0, 0), imo ndani yake?

Umbo hilo jipya ni kubwa na kulijenga lote kungechosha. Mwaka 1988 Gilbert, Johnson na Keerthi, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha njia ya kujibu bila kulijenga. Kompyuta inauliza, "Ni nukta gani iliyo mbali zaidi upande huu?" Inapata nukta moja. Kisha inaugeukia upande wa sifuri na kuuliza tena. Nukta mbili hufanya mstari, tatu hufanya pembetatu, nne hufanya piramidi ndogo yenye nyuso nne. Ikiwa piramidi imeizingira sifuri, jibu ni ndiyo. Ikiwa nukta ya mbali kabisa upande wa sifuri haiwezi kuifikia sifuri, jibu ni la. Vinginevyo inatupa nukta isiyofaa, inachukua nyingine, inaendelea. Aghalabu hatua chache tu zinatosha.

Wataalamu hao hawakuandika kwa ajili ya michezo. Kazi yao ilitoka katika jarida la roboti, maana mkono wa roboti lazima ujue uko umbali gani na vitu vilivyouzunguka kabla haujavigonga. Kwa hivyo anayesema hesabu hii ni ya kuchezea tu, mwambie afikirie mtu aliyesimama kando ya mkono wa chuma kiwandani.

Na vitu vilivyobonyea, kama kiti na kikombe? Hukatwa vipande visivyobonyea. Kiti ni mbao tano au sita, kikombe ni vibao vingi vilivyozunguka. Mtu naye, mara nyingi, huwakilishwa na umbo la kidonge: mcheduara wenye nusu tufe juu na chini. Ndiyo maana saa zingine unaona mkono wa mchezaji umezama ukutani. Wewe unauona mkono, lakini kompyuta inakijua kidonge tu.

MPIRA UNAOPITA NDANI YA MLINGOTI

Nimalizie na jambo ambalo limewagombanisha vijana wengi mbele ya runinga: mpira unapigwa, unaelekea mlingoti wa goli, halafu unaupita kama haukuwepo! Mtu hudhani mashine inampendelea mwenzake. Hebu tupige hesabu tuone kama kuna maelezo mengine.

Mpira wa mkwaju mkali unaenda mita 30 kwa sekunde. Gawanya kwa picha 60: kati ya picha moja na nyingine umesogea sentimita 50. Mlingoti, kwa sheria za kandanda, hauzidi unene wa sentimita 12. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Ukiujia mlingoti moja kwa moja, utakuwa unaugusa pale tu ambapo kitovu cha mpira kiko ndani ya sentimita 6 ongeza 11, yaani 17, kabla au baada ya kitovu cha mlingoti. Eneo la kugusana lina urefu wa sentimita 34. Lakini hatua ya mpira ni sentimita 50! Kwa hivyo katika nafasi 16 kati ya 50, karibu theluthi moja, picha ya kwanza inaukuta mpira kabla ya mlingoti na picha ya pili inaukuta umeshapita. Kompyuta iliuliza, "Vimegusana?" mara zote mbili, na mara zote mbili ikajibiwa la, tena kwa haki.

Dawa zake ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kugawa muda vipande vidogo zaidi: ukiuliza mara 120 kwa sekunde hatua inakuwa sentimita 25, nayo ni ndogo kuliko 34. Ila kazi imekuwa maradufu. Ya pili ni kutouliza "vimegusana sasa?" bali "vitagusana lini?" Mpira unachukuliwa pamoja na njia yake yote, kama kidonge kirefu. Ikiwa ukingo wa mbele wa mpira uko sentimita 30 kabla ya ukuta na hatua ni sentimita 50, basi utagusa ikifika 30 gawanya kwa 50, yaani 0.6 ya hatua. Mpira unasimamishwa hapo, unarudishwa, na 0.4 iliyobaki unaimalizia ukielekea kwingine. Njia hii nayo ina gharama, kwa hivyo hutumiwa kwa vitu viendavyo kasi tu. Umeona tena? Swali gumu kwa wachache.

Baada ya mgongano kutambuliwa, kompyuta hutaka kujua mambo matatu: nukta ya kugusana, mwelekeo wa uso uliogongwa, na vitu vimezama kiasi gani. Hapo fizikia ya mwendo na uzito inashika usukani, na hilo ni somo la gazeti la mwaka ujao, Mungu akipenda.

HITIMISHO

Tumeanza na kipofu mwenye jozi nusu milioni na milisekunde 16.7. Tumempa tufe, sanduku, foleni, kivuli na kutoa. Kila chombo kinafukuza jozi ambazo kinaweza kuzifukuza, na kinachobaki kinapewa chombo kizito zaidi. Pythagoras tuliyemsoma kidato cha pili yumo. Vekta za kidato cha tatu zimo. Hata hesabu ya kutoa ya shule ya msingi imo, nayo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Na lugha je? Tufe, mche, mcheduara na pembetatu tulifundishwa katika somo la maumbo tukiwa shule ya msingi. Kivuli, ratiba, foleni na mwanya ni maneno ya kila siku. Atakayesema Kiswahili kimekwama, anionyeshe sentensi kilipokwama. Wengi wetu tunaijua michezo hii kwa vidole. Ninawaomba wenzangu tuijue pia kwa kalamu, maana aijuaye kwa kalamu ndiye atakayeunda wake.

ZOEZI LA KUJIPIMA

1. Mchezo una vitu 20. Jozi zake ni ngapi?
2. Tufe moja lina kitovu (0, 0, 0) na nusu kipenyo 5. La pili lina kitovu (4, 4, 7) na nusu kipenyo 3. Je, yamegusana?
3. Kipande A ni 4 hadi 10, kipande B ni 9 hadi 12. Tumia njia ya kutoa uonyeshe kama vimepishana.
4. Kitu kinaenda mita 24 kwa sekunde, na picha ni 60 kwa sekunde. Ukingo wake wa mbele uko sentimita 10 kabla ya ukuta. Kitagusa ukuta katika sehemu gani ya hatua?

MAJIBU

1. Jozi 190.
2. 16 + 16 + 49 = 81. Jumla ya nusu vipenyo ni 8, na 8 mara 8 ni 64. Themanini na moja inazidi, hayajagusana.
3. Majibu yanaenea toka hasi 8 hadi 1. Sifuri imo, vimepishana.
4. Hatua ni sentimita 40. Kitagusa katika robo ya hatua.

Atakayepata yote manne bila kuchungulia, karibu chamani. Tunahitaji watu wa aina yako.